Chekeche la Lusungu na meseji za Mzee Romani

Saa tisa alasiri, joto la Mtoni limeshuka sakafuni na halina mpango wa kuondoka. Feni inazunguka kivivu. Chini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anakata bati, anaacha, anakata tena. Lusungu Mwaipopo amevua viatu, ameweka nyayo zake juu ya simenti, na anatazama meseji zikidondoka kwenye skrini ya kompyuta yake.

Hii ni redio ya jamii, ghorofa moja juu, kando ya Barabara ya Kilwa. Ni ndogo hasa. Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na nyuma ya kioo anakaa mtangazaji Gaspar, mwanaume mnene mwenye sauti ambayo akina mama wa Temeke wanaijua kuliko sauti za waume zao.

Nje ya mlango wa studio, kwenye benchi, amekaa mzee mwenye vumbi la mbao kwenye suruali. Ni Romani Nambunga, mchonga vinyago. Leo ameacha kazi mchana kweupe, na wanaomfahamu wanasema hawajawahi kuliona jambo hilo.

"Mzee, nikuletee soda?" anauliza Lusungu.

"Hapana, mwanangu."

"Maji?"

"Maji sawa."

Ndiyo mazungumzo marefu zaidi mzee atakayofanya alasiri hii. Kipindi cha salamu kinaanza saa kumi, na ndani yake Gaspar atasoma meseji za mzee huyu, ambaye hajasomwa hewani kwa miezi. Mke wake, Mama Sesilia, aliondoka nyumbani kwa sababu ya ukimya huo na sasa yuko Kimara kwa mdogo wake. Swali lililotanda humu ndani ni moja tu: huko Kimara, redio itakuwa imewashwa?

Lusungu ana miaka thelathini na miwili. Posho yake ya mwezi, anasema huku akicheka, ikishalipa chumba chake cha Kimara inabaki ya vocha na maharage. Hana cheo kinachoeleweka. Wenzake wanamwita fundi wa meseji.

Kila siku zinaingia meseji zaidi ya elfu moja. Kuna salamu, kuna watu wanaotafuta vyumba, kuna matangazo ya misiba, kuna mbuzi waliopotea Tandika. Halafu kuna wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

"Wale watu hawachoki, jamani," anasema Lusungu. "Wanatapeli mpaka redio! Redio ina hela gani?"

Zamani Gaspar alikuwa akichambua yote hayo mwenyewe, simu mkononi, maikrofoni imewashwa, huku akijaza ukimya kwa kukohoa. Kipindi kilikuwa kinaisha bado anatafuta salamu ya pili. Meneja wa kituo, Bwana Ansbert, alishaamua kukifuta aweke muziki mtupu.

Hapo ndipo Lusungu, aliyeajiriwa kupiga chapa matangazo, alipoomba apewe wiki moja na ile kompyuta ya zamani iliyokuwa imefunikwa kitambaa.

Kuandika programu alijifunza Ubungo, kwenye kibanda cha kuprinti vyeti karibu na pale ilipokuwa stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Mabasi yalipohamishwa, wateja walihama nayo. Alibaki na intaneti na muda. Akaanza kujifunza lugha ya Python, somo moja baada ya jingine, huku nje watu waliozoea stendi wakija na mabegi yao kuuliza basi la Mbeya limekwenda wapi.

"Nilikuwaga naota macho wazi," anasema. "Nasoma mstari mmoja, naangalia barabara, nasoma tena. Hakuna aliyenisumbua. Ule mwaka naukumbuka kama usingizi mzuri."

Kitu kilichomteka zaidi ni namna ya kuielezea kompyuta umbo la maneno. Wataalamu wanaita regex. Yeye anaita chekeche.

"Siiambii kompyuta nitafutie jina la Ismail," anaeleza, akigusa skrini kwa kalamu. "Naiambia nitafutie neno linaloanza kwa herufi kubwa, likifuatiwa na 'nikiwa', halafu jina la mtaa, halafu mbele huko neno 'ujumbe'. Atakayepita hapo ni mtu wa salamu, awe Ismail awe nani."

Na salamu, kama wasikilizaji wa redio wanavyojua, zina utaratibu wake. Mtu hajiandikii tu. Anaanza na jina lake, tena mara nyingi lile la kujipa mwenyewe, anataja alipo, anataja anaowasalimu, anafunga kwa ujumbe. Ilikuwa hivyo enzi za kadi za salamu na imebaki hivyo kwenye simu. Vyama vya salamu vina wazee ambao wangekusuta hadharani ukisahau ujumbe wako.

Kwa hiyo Lusungu alikuwa na kazi rahisi, au alidhani hivyo. Alitengeneza kipande kidogo cha kutambua jina. Akatengeneza cha kutambua mahali, chenye mitaa yote kuanzia Kurasini hadi Kongowe. Akatengeneza cha namba ya simu, ili namba za watu zisisomwe hewani, na cha maneno ya kitapeli. Kila kipande alikipa jina na kukiweka mahali pake. Akitaka chekeche la salamu, anaunganisha jina, mahali na ujumbe. Akitaka la misiba, anachukua jina lile lile na mahali pale pale, anaongeza neno "mazishi". Haandiki upya.

Tabia hiyo, anasema, ameitoa kwao Tukuyu. Mama yake, Jesca, ni fundi cherehani. Alikuwa akikata vipimo kwenye karatasi za mifuko ya saruji: mkono, kola, mfuko, kiuno. Vyote vilining'inia kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango.

"Mkono wa gauni la komunyo anautumia kwenye sare ya kwaya," anakumbuka Lusungu. "Mie nilikuwa nalala chini ya ile meza, naangalia zile karatasi zinapepea. Nikawa najiuliza, hivi hizi nguo zote ni nguo moja?"

Siku za mwanzo hazikukosa vituko. Kwenye lugha hiyo, nukta ina maana ya herufi yoyote, na nyota ina maana ya kuzidi kuchukua. Ukiziweka pamoja bila kuzionya, zinakula. Zilianza kwenye "nikiwa" ya kwanza ya siku hiyo, zikameza kila kitu mpaka "ujumbe" ya mwisho kabisa, zikampa Gaspar salamu moja ndefu ya mtu mmoja.

"Nikasoma," anasema Gaspar, na tumbo linatikisika kwa kicheko. "Ismail wa Mtongani anamsalimu huyu, anamsalimu yule, anauza kitanda, anatangaza msiba, anamsalimu shemeji yake, amepoteza mbuzi. Nikasema moyoni, huyu bwana leo ana mambo! Nimeishiwa pumzi ndiyo nikashtuka."

Dawa yake ilikuwa alama ya kuuliza, moja tu, iliyowekwa baada ya nyota. Inaiambia ile nyota ichukue kidogo, ikomee "ujumbe" ya kwanza inayokutana nayo. Lusungu aliitia, akajaribu tena, na salamu zikatengana moja moja. Kipindi kikapona. Bwana Ansbert akaacha kuzungumzia muziki mtupu, na mitaani watu wakaanza kusema salamu za siku hizi zinakwenda chapuchapu.

Zile meseji ambazo hazikupita kwenye chekeche lolote zilikwenda kwenye sehemu aliyoiita Makapi, na kila Jumatatu asubuhi Makapi yalijifuta yenyewe. Nani asome makapi?

Alhamisi iliyopita jioni, akitoka kazini, Mzee Romani alipanda ngazi za redio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa ameshika simu yake ya batani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, niangalizie. Simu hii inatuma, au inanidanganya?"

Lusungu aliichukua. Ilikuwa inatuma vizuri kabisa, kila siku, kwenye namba ya kituo. Akamuuliza jina lake, na jina hilo halikumo kwenye salamu hata moja. Ndipo Gaspar akatoka studio kwenda kunywa maji, akamwona, akasimama.

"Mzee Romani! Si ulikwenda kwenu Newala kwenye korosho?"

"Sijaenda popote," akasema mzee. "Wewe ndiye uliyeniacha."

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee Romani na Mama Sesilia wanaishi hapa hapa Mtoni, nyumba moja, chumba kimoja. Mzee anaondoka asubuhi kwenda kwenye karakana ya vinyago, anarudi jioni, anakula, anashukuru, analala. Si mkali, si mlevi. Hasemi tu. Ila kila mchana, katikati ya kelele za tupa na nyundo, huwa anaiandikia redio mstari mmoja wa kumpa mke wake.

Haanzi na "mimi". Hasemi alipo. Hana ujumbe wa kufungia. Anaandika jina, nukta, na hali ya mti. "Sesilia. Mti leo ni mgumu." "Sesilia. Mpingo una mshipa mwekundu ndani, ungeuona."

Gaspar alikuwa akimjua kwa namba, na kwa miaka alisoma kila mstari huo mwishoni mwa kipindi, kwa sauti ya chini. Ikawa desturi ya uchochoro mzima. Akina mama walikuwa wakiacha kuchagua mchele wasikilize. Chausiku, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyekuwa na domo zaidi.

"Tulikuwa tunamtania, 'Sesilia, mti wako leo umeamkaje?'" anasema Chausiku. "Anajifanya kununa, kumbe anafurahi huyo! Sasa mti uliponyamaza, sie tukaendelea kuuliza. Hatukujua tunamchoma."

Chekeche lilipokuja, Gaspar aliacha kushika simu. Akasoma anacholetewa. Na chekeche la salamu, lililoshonwa kwa kipimo cha vyama vya salamu, lilipomtazama Mzee Romani liliona mtu asiye na mahali wala ujumbe. Likamtupa Makapi pamoja na matapeli.

Nyumbani, Mama Sesilia aliuliza mara moja. Mume akajibu anatuma kila siku. Hakuongeza neno. Mama akasikiliza wiki nyingine, na nyingine, akafunga begi.

Lusungu anaposimulia hapa, anaacha kutazama skrini. "Mama yangu anazo zile karatasi, lakini mteja akija anampima kwanza. Anamzungusha, anamgusa bega. Mie sikumpima mtu yeyote. Nilipima vyama vya salamu nikadhani nimepima Temeke nzima. Niliumia, sikufichi. Nililia pale chooni."

Alizima ule ufutaji wa Jumatatu siku hiyo hiyo. Za miezi zilikuwa zimeshakwenda. Zilibaki za wiki ile tu. Simu ya mzee nayo ni ya kufuta ili nyingine ziingie, haina kumbukumbu.

Jumapili, baada ya ibada, alipanda mlima wa Kimara kwa miguu mpaka kwa Monica, mdogo wake Mama Sesilia. Si mbali na anapoishi yeye. Alikaribishwa chai na maandazi, akaeleza kosa lake lote, kuanzia chekeche hadi Makapi. Mama Sesilia alikuwa anakunja nguo. Alikunja mpaka ya mwisho.

"Mwanangu, wewe umeolewa?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi sikiliza. Mtu anaweza kukaa na mume asiyesema nyumbani. Mie nimekaa naye, sijalalamika. Ila asiyesema nyumbani, asiseme na redioni, huyo unakaa na nani?"

"Alisema, mama. Mie ndiye niliyemzima."

"Ndivyo alivyokutuma useme?"

"Hajanituma. Hajui hata kama nimekuja."

Mama Sesilia alimmiminia chai nyingine. Alisema haisikilizi tena hiyo redio, na kwamba Lusungu ale, maana amekonda. Alipoaga, Lusungu alimwomba jambo moja tu, Jumatano saa kumi jioni awashe. Mama Sesilia akamfungia maandazi ya njiani.

Jumatatu nzima alijaribu kutengeneza chekeche la watu wa aina ya Mzee Romani. Jina, nukta, sentensi fupi. Likamkamata mzee, sawa. Likakamata pia "Mteja. Umeshinda." Likakamata "Juma. Nilipe." Akalibana, likamwachia mzee. Akalilegeza, matapeli wakarudi. Jioni akaviacha vipande vyake vyote kwenye msumari wao, akakaa anaangalia taa za Barabara ya Kilwa zinavyowaka.

Kisha akafanya jambo ambalo, kwa fundi, ni kama kukubali kushindwa. Vipande alivyonavyo akavigeuzia kazi. Ni vile vile vya zamani, hakuandika kipya: cha jina, cha namba, cha maneno ya kitapeli. Vya salamu vipitishe salamu. Vya utapeli vitoe utapeli. Kitakachobaki, ambacho hakuna anayekijua, kisifutwe. Kije mezani kwake akisome kwa macho. Neno Makapi akalifuta, akaandika Wageni.

"Bwana Ansbert kaniuliza, sasa kompyuta ina kazi gani kama unasoma mwenyewe?" anasema. "Nikamwambia, kompyuta inanipunguzia watu ninaowajua, ili nipate muda wa nisiowajua."

Saa kumi inafika. Gaspar anafungua kipindi, anapita kwenye salamu za kawaida kwa mwendo wake. Ismail wa Mtongani yumo, safari hii anasalimu watu watatu tu. Ujumbe wake: jua ni kali, kunyweni maji. Benchini, Mzee Romani ameshika glasi ambayo hajainywa.

Halafu Gaspar anazima muziki wa nyuma. Anasema kituo kilifanya kosa, kikamfanya mtu aonekane kanyamaza wakati hakunyamaza. Anasema meseji hizi ni za wiki iliyopita, na kwamba nyingine za kabla yake hazipo tena, anaomba radhi. Anavaa miwani.

"Sesilia. Nimeshika mpingo, haunitaki."

Chini, yule mtu wa bati ameacha kukata.

"Sesilia. Nimekosea uso wa mama na mtoto. Nimeufanya kuni."

"Sesilia. Tajiri anauliza kwa nini sura zote zimeinama. Sina jibu."

"Sesilia. Leo sijachonga."

Ni hizo tu zilizobaki. Gaspar haongezi utani wowote. Mzee anatazama sakafu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia maneno yake yakisomwa. Karakana ina kelele, na hakuwa na redio huko.

"Kumbe yanasikika hivyo," anasema, si kwa mtu yeyote.

Lusungu ameshaligeukia dirisha la Wageni kwenye skrini. Zinaingia. Mtu anauliza kinyago kinauzwa bei gani. Mwanamke wa Mbagala anasema analia jikoni na mume wake anadhani ni vitunguu. Chausiku anadai tangu mwanzo alijua. Wimbo unapigwa, unaisha. Unapigwa mwingine. Lusungu anang'ata kalamu. Mwandishi wa makala haya, ambaye alikuja kuandika habari za kompyuta, anajikuta naye ameacha kuandika.

Dakika za mwisho za kipindi inaingia moja kutoka namba mpya. Haina "nikiwa". Haina ujumbe. Kila chekeche limeikataa, na ndiyo maana imefika mezani.

Lusungu anaisoma, anaisoma tena, anainakili kwenye karatasi, anainuka bila viatu na kukimbilia kioo cha studio. Anaibandika karatasi kwenye kioo. Gaspar anainama, anasoma kwa sauti ile wanayoijua akina mama wa Temeke.

"Romani. Begi ni zito."

Mzee anasimama. Anaweka glasi ya maji benchini, anajipangusa vumbi la suruali, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Anajazaga mpaka zipu inakataa," anasema. "Nilishamwambia." Anashuka ngazi upesi kuliko umri wake, na hajaaga mtu. Kutoka dirishani anaonekana akivuka kuelekea upande wa magari ya mjini, kisha akirudi, kisha akivuka tena baada ya kuuliza njia ya Kimara, mtu aliyeishi mji huu tangu ujana wake.

Lusungu anacheka na kufuta macho kwa kiganja. Anavaa viatu, anavivua tena.

Sasa ana mpango. Anataka kuvigawa vipande vyake bure kwa redio ndogo za kusini, Masasi, Ruangwa, huko wanakotoka wengi wa wasikilizaji wake. Wabadilishe majina ya mitaa, vingine watumie kama vilivyo. Ila juu kabisa ya programu ameandika mstari ambao kompyuta haiusomi, ni wa binadamu atakayeifungua: Wanaobaki hapa ni watu. Kaa nao.

Na yeye mwenyewe, ana tumaini gani? Anafikiri, anatazama feni inavyozunguka.

"Sijawahi kutajwa redioni, unajua? Nimechekecha salamu za Temeke nzima, hakuna hata moja yangu," anasema. "Anayenitaka asihangaike na utaratibu. Aandike Lusungu, nukta, halafu aniambie siku yake ilikuwaje. Mie nipo hapa, nitaiona."